Tope Hutaka Meno, Jiwe Hutaka Ulaini: Kuchagua Gambuti Meru na Embu

Mwezi wa Aprili, vijia vya kuteremkia mashamba ya chai kule Kianjokoma havichagui mtu. Mzee huteleza, mtoto wa shule huteleza, na mchumaji mwenye kikapu mgongoni naye huteleza. Udongo wa miteremko hii ya Mlima Kenya ni mwekundu, wenye kina na mfinyanzi mwingi, na ukinyeshewa siku kadhaa mfululizo hauna pa kushika. Ukivuka Embu ukafika Nkubu, Githongo na Kionyo, hali ni ile ile. Ukiendelea hadi Nyambene, kandokando ya Michimikuru na Kiegoi, utakuta udongo haujabadilika sana, miteremko ndiyo imezidi ukali. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei kisha Oktoba hadi Desemba, na katikati hapo mwezi wa Julai kuna manyunyu ya baridi yasiyojaza tangi ila yanatosha kulowesha njia. Kwa hiyo gambuti huku si kiatu cha msimu. Ni chombo cha kazi. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo anayepima makali ya panga kwa kidole na kugonga jembe asikie mlio wake, akifika kwenye gambuti hutazama rangi, huuliza bei, na mambo yameisha.

Ukiuliza dukani utaambiwa gambuti nzuri ni laini. Muuzaji ataikunja shingo mbele yako, aiachie irudi, aseme, “Mama, hii ni orijino, haiwezi kukuangusha.” Amesema nusu. Ulaini wa soli husaidia mahali pagumu palipolowa: sakafu ya saruji zizini, jiwe la mtoni, gogo la kuvukia kijito. Jiwe hata likionekana laini lina vijibonde vidogo. Soli ngumu hukaa juu yavyo na maji yakabaki katikati, lakini soli laini hubonyea, ikaingia mle na kuyasukuma maji pembeni. Ndipo unaposikia mguu umeshika.

Kwenye tope mambo ni mengine kabisa. Tope halina uso wa kushikwa. Kinachokusimamisha ni meno ya soli kuzama mpaka yafikie udongo mgumu ulio chini, na meno yakiwa laini mno hujipinda badala ya kuchoma. Ndiyo maana gambuti inayosifiwa na mkama ng'ombe inaweza kumwangusha mchuma chai, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Swali la kwanza basi si kama gambuti ni laini. Jiulize utakanyaga wapi zaidi.

Imetengenezwa kwa nini?

Gambuti nyingi utakazokuta Gakoromone, Embu mjini, Runyenjes au Chuka ni za PVC. Hiyo ndiyo plastiki ya mabomba magumu ya maji taka. Kwa asili yake haipindiki. Ili iwe kiatu, kiwandani huchanganywa na mafuta maalumu ya kulainisha, na kadiri mafuta yanavyozidi ndivyo kiatu kinavyokuwa chororo. Ukilielewa jambo hili moja, tabia zote za gambuti zitakuwa wazi kwako. Mafuta yale hayajaungana na plastiki. Yamekaa tu ndani yake. Jua huyatoa. Dizeli huyatoa. Mafuta ya maziwa pia huyatoa, na miaka inapopita yanapungua yenyewe. Gambuti iliyokuwa ikikunjika bila taabu huanza kukakamaa, kisha hupasuka palepale inapojikunja kila hatua, juu ya vidole.

Baridi nayo huikaza PVC, ingawa kwa muda tu. Gambuti iliyolala barazani Timau usiku wa Julai, asubuhi utaikuta imekaza. Ikipata joto la mguu hulegea tena. Kwa sababu hiyo jozi moja inaweza kushika vizuri mchana juu ya jiwe ambalo saa kumi na mbili asubuhi lilikutelezesha. Ukiwa ni mtu wa kutoka alfajiri, iingize ndani usiku.

Mpira wa asili, yaani utomvu wa mti uliopikwa pamoja na salfa kwa njia ambayo Charles Goodyear aliipatia hataza Marekani mwaka 1844, hausumbuliwi na baridi kiasi hicho. Hushika jiwe lililolowa kuliko PVC, hunyumbuka na kurudi, na soli yake huchelewa kulika. Lakini ni mzito, bei yake iko juu, na una adui wake: petroli, mafuta ya taa na oili ya injini huufanya uvimbe na kuwa teketeke. Ukiuanika juani kila siku, nao hupata nyufa ndogondogo zinazozidi kufunguka.

Sasa, sokoni zote mbili zitaitwa mpira, kwa hiyo jipimie mwenyewe. PVC mara nyingi hung'aa; mpira umefifia kidogo na harufu yake ni ile ya duka la matairi. Bonyeza ukucha kwenye ukingo wa soli kisha uachie. Kwenye mpira alama hufutika papo hapo, kwenye PVC husitasita. Fundi wa viatu ana njia ya uhakika zaidi: huchukua kipande kilichokatwa akakichoma kwa sindano ya moto. PVC huyeyuka, ikavutika uzi. Mpira huungua bila kuyeyuka. Mwachie yeye kazi hiyo, nawe usisogeze pua, kwani moshi wa PVC una asidi inayowasha koo.

Kuna gambuti za poliyurethani, ambazo huku huonekana kwa nadra, pengine kwenye mitumba. Ni nyepesi mno kwa sababu zimejaa viputo vya hewa, na kwa sababu hiyo hiyo huhifadhi joto, kwa hiyo mtu wa Timau akizipata amebahatika. Hata hivyo zina ugonjwa wao. Zikikaa stoo miaka mingi penye unyevu, huoza kimyakimya kutoka ndani, na siku utakapozivaa soli inabomoka vipande vipande njiani. Zikunje kwa nguvu kabla ya kulipa. Kuhusu patipati na vile viatu vyepesi vya matundu, vya EVA, sina mengi: kwenye saruji yenye maji vinateleza, kwenye tope vinabaki huko.

Viwandani, ugumu wa soli hupimwa kwa kipimo kinachoitwa Shore A, kutoka 0 hadi 100. Namba ikipanda, ugumu umepanda. Tairi la gari huwa kati ya 60 na 70, na soli nyingi za gambuti ziko karibu na hapo. Namba hiyo haiandikwi kwenye kiatu, lakini bodaboda haikosekani nje ya duka. Bonyeza ukucha kwenye tairi lake, kisha kwenye soli. Soli ikiwa ngumu kuliko tairi, hiyo haifai zizini wala mtoni. Ikiwa laini kuliko tairi kwa kiasi kikubwa, jua kwamba kilomita chache za lami na murramu kila siku zitaila kabla ya msimu wa pili.

Geuza kabla ya kuvaa

Kazi kubwa ya kuchagua hufanyika gambuti ikiwa miguu juu. Anza na urefu wa meno. Yanayofaa udongo wetu mwekundu yasiwe mafupi kuliko upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, takriban milimita 8 au 9. Kisha tazama nafasi kati yake. Mfinyanzi huganda, na meno yaliyosongamana hujazwa katika hatua kumi za kwanza. Kuanzia hapo unatembea na soli bapa uliyojitengenezea mwenyewe kwa tope. Kidole chako kipite kati ya jino na jino bila kubanwa. Mifereji itokeze nje ukingoni, ili tope lisukumwe na kudondoka kila unapoinua mguu. Zile soli zenye vyumba vilivyofungwa pande zote, kama trei ya mayai, zinapendeza dukani, lakini shambani kila chumba hujaa na hakina mlango wa kutokea.

Halafu kisigino. Watu hukisahau, na ndicho breki. Mtu anayeteremka na mzigo mgongoni hujizuia kwa kisigino, si kwa vidole, kwa hiyo pale soli inapopanda chini ya unyayo pawe na ukingo uliosimama wima, mkali, wenye kina cha sentimita moja hivi au zaidi. Gambuti ambayo soli yake imenyooka moja kwa moja kutoka kisiginoni hadi vidoleni, bila ukingo huo, iache pale pale hata kama meno yake ni mazuri. Kwenye mteremko mfupi wa kwenda kituo cha kuuzia majani itakushusha kwa kasi usiyoitaka.

Sasa tafuta mstari wa rangi unaogawa soli na shingo. Gambuti ya rangi mbili, kwa mfano nyeusi yenye soli ya kahawia au ya njano, kwa kawaida imemiminwa mara mbili, na mtengenezaji alipata nafasi ya kuipa soli mchanganyiko wake na shingo mchanganyiko mwingine. Hapo inawezekana shingo ikawa laini isikuchubue muundi na soli ikawa na ugumu unaohitajika. Ile ya rangi moja kwa kawaida ni mmimino mmoja: kama shingo ni teketeke, soli pia ni teketeke. Hiyo si dhambi, mradi ujue. Ndiyo inayomdanganya mteja anayepima ulaini kwa kukunja shingo, kwani wewe hutembei kwa shingo.

Bado ukiwa nayo mkononi, ikunje pale vidole vinapokunjikia, ukaze, utazame juu ya mkunjo. Plastiki nzuri hubaki na rangi yake. Ikitokea mistari myeupe, maana yake imejazwa unga wa chokaa ili kupunguza gharama, na hapo ndipo itakapopasukia. Vidoadoa vya rangi nyingine na harufu kali ya plastiki iliyoungua huashiria mabaki yaliyoyeyushwa upya. Mabaki si mabaya yote, lakini bei yake isikaribie ya mpya. Ingiza mkono ndani pia, upapase mshono wa mmimino kisiginoni. Ukikwaruza kiganja, utakwaruza na kisigino.

Huenda ukakuta herufi zimechongwa kwenye soli au ubavuni. S4 na S5, za viwango vya kimataifa vya ISO 20345, humaanisha kiatu kisichopitisha maji chenye kinga ya vidole. S5 huongeza bamba la kuzuia msumari usipenye na soli yenye meno. SRC maana yake soli ilijaribiwa kwenye kigae chenye sabuni na kwenye chuma chenye gliserini, ikafaulu kote kuwili. Ni habari njema kwa mtu wa kiwanda cha maziwa au machinjio. Mchuma chai asiipe uzito sana: hakuna aliyeijaribu soli hiyo kwenye kijia cha Kathangariri mvua ikinyesha. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, itafute, na kama muuzaji anasema imetoka kiwanda cha Bata cha Limuru au kwingineko kunakojulikana, jina liwe limechongwa kwenye plastiki yenyewe, si kwenye karatasi iliyobandikwa.

Vaa ukiwa na soksi utakazofanyia kazi, na uvae zote mbili. Nafasi ya kidole kimoja nyuma ya kisigino inatosha. Gambuti kubwa huonekana kuwa ya raha, lakini kwenye mteremko mguu hucheza ndani yake: soli imeshika, wewe umeteleza ndani ya kiatu. Kina mama wengi hununua namba ya juu kwa sababu shingo inabana mguu. Heri kutafuta yenye shingo fupi au pana na kuacha unyayo ukae sawasawa.

Kila mahali na yake

Kwa chai, kuanzia Mungania na Rukuriri hadi Imenti na Kinoro, hukumu yangu ni moja: meno marefu yaliyoachana, kisigino chenye ukingo, ugumu wa wastani. Ulaini wa ziada haukuongezei kitu kati ya mistari ya michai, na wakati wa kupogoa vile visiki vilivyokatwa hutoboa plastiki teketeke ubavuni.

Zizini ni kinyume. Ng'ombe wa kulishwa bandani husimama juu ya saruji yenye mkojo na samadi, na hapo meno marefu machache hukuachia sehemu ndogo tu ya soli ya kugusa sakafu. Tafuta soli laini, yenye meno mafupi mengi au mikato myembamba myembamba, na mifereji ya kutoa maji. Kama unakamua na kubeba maziwa kila siku, ulizia gambuti za PVC iliyochanganywa na nitrili. Mara nyingi huwa nyeupe na huvumilia mafuta zaidi. Na kama fahali wako ana tabia ya kukanyaga watu, kinga ya chuma vidoleni si anasa.

Waendesha bodaboda wana shida ya peke yao, na sijui kwa nini hawaambiwi dukani. PVC na ekzosi hazikai pamoja. Mguso wa sekunde chache huacha shimo au kovu gumu, na abiria ndiye huumia zaidi kwa kuwa hajui aweke mguu wapi. Isitoshe, kigingi cha kukanyagia hula katikati ya soli laini mpaka inatoboka wakati meno ya mbele bado mapya. Dereva achukue mpira au PVC ngumu, na shingo ndefu, maana tope la gurudumu hurukia juu.

Ukiteremka Mbeere, kuelekea Siakago, Kiritiri na Ishiara, udongo unakuwa wa mchanga na mawe, mvua inapungua, na adui anakuwa mwiba. Soli laini haizuii mwiba wa mgunga. Hapo akala la tairi bado halijapata mpinzani kwa bei yake, japo kwenye tope jekundu la juu ni bapa na halifai. Ukishuka upande wa Mwea kwenye udongo mweusi, taabu si kuteleza ila kunyonywa: gambuti hubaki ardhini na mguu ukatoka. Huko inayobana kifundo ndiyo bora, na wakulima wengi wa mpunga huona afadhali kuingia pekupeku.

Ikishakuwa yako

Ioshe kwa maji matupu jioni hiyo hiyo, tope likiwa bado bichi. Mfinyanzi ukikauka kwenye mifereji, utautoa kwa kisu na kisu kitakata meno. Usifute kwa dizeli ili ing'ae. Itang'aa wiki moja, kisha itakakamaa. Ianike kichwa chini kwenye vijiti viwili, kivulini. Ndani ikilowa, jaza magazeti na uyabadilishe, lakini usiisogeze karibu na jiko. Miguu inayolala na jasho hupata fangasi kati ya vidole, kwa hiyo uwe na soksi za kubadilisha, za pamba au sufu kuliko nailoni.

Ikitoboka, kumbuka tena imetengenezwa kwa nini. Mpira wa asili hukubali kiraka cha tyubu na gundi ya kuzibia panchari, ukiuparuza kwanza kwa msasa. PVC haishiki gundi hiyo vizuri. Kiraka kitakaa siku chache kisha kitabanduka. Dawa yake ni kipande cha PVC nyingine na chuma cha moto, zote ziyeyuke zishikane, nao mafundi wa viatu wa sokoni wanaijua kazi hiyo vizuri. Ufa wa juu ya vidole uliosababishwa na kukauka usiupotezee pesa. Utaziba leo, utafunguka pembeni yake kesho.

Meno yakishalika mpaka yakawa nusu ya urefu wake wa mwanzo, gambuti hiyo imestaafu kazi ya mteremko. Kuna mazoea ya mwenye shamba kujinunulia jozi mpya na ile ya zamani kumpa kijana wa kazi, ambaye ndiye anayeshuka bondeni kukata majani ya nepia na kupanda nayo kichwani. Jozi mpya iende kwa anayebeba mzigo. Ile ya zamani ikate shingo: vipande vyake ni viraka vizuri kwa fundi, na mkanda wake, ukipigiliwa misumari miwili kila upande, ni bawaba ya mlango wa banda la kuku isiyoshika kutu.